Daktari Anajibu: Namba ya Presha Yako Ilitoka kwa Watu Wengine

Katika toleo lililopita nilieleza kwamba siku yangu ya kazi ina sehemu mbili. Asubuhi nipo wodini au kliniki ya magonjwa ya ndani, kwenye presha, kisukari, figo na moyo. Mchana nahamia kwenye kompyuta, ambako wagonjwa hawana nyuso. Huko ni mistari kwenye jedwali, maelfu kwa maelfu, nami natafuta kujua kwa nini kundi hili linaugua sana na lile linanusurika. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi zina hasira. Nimechagua sita. Nimezifupisha bila kugusa maana.

Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 58, hajawahi kulazwa hata siku moja. Alikwenda kupimwa kwa shughuli nyingine, akaambiwa presha yake ni 152/94 na arudi wiki inayofuata aanze dawa. Amegoma. Anasema kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, na hiyo 140 mnayoitaja ni namba mliyojipangia wenyewe. Nimjibu nini? — Mke mwenye wasiwasi

Marahaba, dada yangu. Kwanza mwambie kwamba kwenye hiyo 140 hajakosea sana. Hakuna kitu kinachokatika mwilini mtu anapotoka 139 kuingia 140. Mwaka 2002 ziliunganishwa data za watu wazima wapatao milioni moja kutoka tafiti 61, na kilichoonekana ni mteremko mmoja mrefu usio na ngazi. Kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115, kila ile namba ya juu ya presha (152 kwa mumeo) inapopanda kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa moyo inakuwa maradufu. Kigingi cha 140 tumekichomeka sisi madaktari juu ya mteremko huo, kwa sababu mtu akiwa mbele yako lazima uamue: unampa dawa au humpi. Marekani mwaka 2017 walikisogeza hadi 130.

Ila hatukukichomeka kwa kubahatisha. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki Aprili 1945 kwa damu kuvuja ubongoni, akiwa na miaka 63. Presha yake ilikuwa imepanda kwa miaka mingi na madaktari wake wanaiona. Dawa ya maana haikuwepo, na wengi wa zama zile waliamini kwamba presha ya mtu mzima hupanda kwa sababu mishipa iliyokakamaa inaihitaji. Miaka mitatu baadaye, 1948, watafiti walikwenda kwenye mji wa Framingham, Massachusetts, wakaandikisha watu 5,209, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili na kungoja. Mimi subira ile hunigusa kila ninapoifikiria. Unaandika nani anavuta sigara, nani presha yake ni ngapi, kolesteroli yake ni ngapi, kisha unakaa miaka uone nani ataanguka. Hili neno "vihatarishi" tunalolitamka kliniki kila siku lilienea kutokana na kazi yao.

Kujua kwamba presha inaua bado si kujua kwamba kuishusha kunaokoa. Hilo lilijibiwa mwaka 1967, kwa utafiti mdogo wa wanaume 143 waliowahi kuwa wanajeshi. Ile namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129, yaani presha kali kwelikweli. Walipigiwa kura, yaani waligawanywa kwa bahati nasibu: 73 wakapewa dawa, 70 wakapewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Katika wale 70, watu 27 walipatwa na madhara makubwa, na wanne kati yao wakafariki. Katika wale 73 waliopata dawa, madhara makubwa yaliwapata wawili, na hakuna aliyekufa. Nikifundisha huwa naandika namba hizo nne ubaoni na kunyamaza kidogo.

Sasa mumeo. Hiyo 152/94 ya siku moja siikubali wala siikatai, nataka apimwe tena vizuri. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mashine ugusane na ngozi, sio shati. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda yenyewe. Na mtu aliyekutwa juu mara ya kwanza, akipimwa tena na tena mara nyingi hushuka kidogo hata kama hajafanyiwa lolote. Kama kuna mashine ya nyumbani, apime asubuhi na jioni wiki nzima na aandike kila namba, hata asiyoipenda. Zikibaki juu, arudi kwa daktari waanze matibabu, asingoje kichwa kimuume. Tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu. Presha hunyesha bila wingu. Mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba watu bilioni 1.28 duniani wa kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakujua kama wanayo.

Wewe ni daktari wa wagonjwa au wa takwimu? Mshika mbili moja humponyoka. Chagua. — Msomaji wa siku nyingi

Nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu walimu wangu wawili waliwahi kuniambia hayo hayo. Acha nikusimulie jambo moja.

Niliwahi kukabidhiwa kumbukumbu za presha za miaka kadhaa kutoka kituo kimoja. Kazi ilikuwa nyepesi kwa maneno: tazama kama matibabu yanaleta nafuu. Kabla ya kupiga hesabu yoyote nina mazoea ya kuzitembelea namba zenyewe, mstari kwa mstari, kama mtu anayepita wodini. Kipimo cha zebaki kina mistari ya mbilimbili: 120, 122, 124, 126, 128. Wapimaji wakisoma kwa makini, tarakimu ya mwisho hugawana nafasi. Sifuri, mbili, nne, sita na nane, kila moja hupata takriban sehemu moja ya tano. Mimi niliona sifuri. 120, 130, 140, 120, 150, 130, 120. Nikashuka chini, sifuri. Nikafungua mwaka mwingine, sifuri.

Kama ningekuwa mtu wa takwimu peke yake, ningeandika "data mbovu" na kuendelea na mambo mengine. Lakini asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa kliniki. Nilikuwa nimemwona muuguzi mmoja akihudumia foleni iliyotoka nje ya mlango, mkono mmoja unaminya mpira wa mashine, mwingine unaandika kwenye kadi, na huku mgonjwa anamweleza habari za dawa zilizoisha. Zebaki inateremka kwa kasi, sauti inasikika mahali fulani karibu na 140, anaandika 140. Nilitoa kadi nilizojaza mimi mwenyewe mwezi ule. Sifuri zangu zilikuwemo.

Sasa fuata matokeo yake. Mwenye 138 ameandikwa 140, huenda akaanzishiwa dawa ya maisha. Mwenye 144 naye ameandikwa 140, na daktari anayesema "zaidi ya 140 ndipo tuongeze dozi" anamrudisha nyumbani alivyo. Watu wamerundikana juu ya kigingi chenyewe, hujui nani yuko upande gani. Tatizo hili lina umri mrefu. Watafiti waliwahi kutengenezewa mashine maalumu ambayo sifuri yake huhamahama, mpimaji asijue namba halisi hadi amalize kusoma na kutoa tofauti. Sisi hatukuhitaji mashine ya ajabu. Tulipeleka jedwali kwa wauguzi, si kwa kuwalaumu, tukakaa nao. Wao ndio waliotueleza kwamba kinachohitajika ni mtu wa pili wa kuandika, na mashine inayosoma yenyewe kwa wenye foleni ndefu. Ule mchana wa mazungumzo na wauguzi nauhesabu katika kazi nzuri nilizowahi kufanya.

Ndiyo maana siwezi kuchagua. Jedwali ndilo lililonionyesha sifuri, na kliniki ndiyo iliyonieleza zinatoka wapi.

Mwaka 1985 Geoffrey Rose wa Uingereza, aliyekuwa daktari wa wagonjwa na mtafiti wa afya ya jamii kwa wakati mmoja, alitenganisha maswali mawili ambayo sisi huyachanganya. Moja: kwa nini huyu ameugua? La pili: kwa nini watu hawa wana ugonjwa huu mwingi na wale wanao mchache? Majibu yanaweza kuwa tofauti kabisa. Chukua hesabu ya mfano tu. Watu 100 wenye hatari ya asilimia 10 watatoa wagonjwa 10. Watu 10,000 wenye hatari ya asilimia 1 watatoa wagonjwa 100. Nikiwatafuta wenye hatari kubwa pekee nitafanya kazi nzuri kwa kumi, na wale mia watanifikia wodini wakiwa wameshapooza, wote wakiniambia "lakini daktari, mimi niliambiwa niko salama." Nimeisikia kauli hiyo kwa masikio yangu, na haizoeleki.

Baba yangu ana miaka 79, ana kisukari, na aliwahi kupata kiharusi kidogo. Daktari kijana anataka presha yake iwe chini ya 120, anasema utafiti mkubwa umethibitisha. Tangu aongezewe dawa anapepesuka akiinuka kitandani, na juzi alianguka. Daktari wa zamani alikuwa anaridhika na 135. Tumsikilize nani? — Mtoto wa pili

Kabla ya yote, mwanangu, mrudisheni baba hospitalini sasa, msingoje tarehe ya kliniki. Msimwachishe dawa wenyewe. Mwombeni daktari ampime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama dakika moja, na tena dakika tatu. Namba ya kusimama ndiyo inayomwangusha, na kadi nyingi hazina hata nafasi ya kuiandika.

Utafiti anaoutaja daktari kijana naujua, unaitwa SPRINT, ulitoka 2015. Walikuwemo watu 9,361 wa kuanzia miaka 50. Nusu walilengwa chini ya 120, nusu chini ya 140. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu kundi la 120 lilikuwa na matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 25, na vifo pungufu kwa asilimia 27. Ni matokeo mazito, na kijana wenu hakuyazua.

Lakini kila utafiti una mlango, na mlangoni kuna walioambiwa wasiingie. SPRINT haikuchukua mtu mwenye kisukari. Haikuchukua mtu aliyewahi kupata kiharusi. Baba yako angezuiwa mara mbili. Kwa wenye kisukari kuna tafiti zao. Mmoja wa mwaka 2010, wenye watu 4,733, haukupata tofauti ya kuaminika kwenye jumla ya matukio makubwa, ingawa viharusi vilipungua. Mwingine wa China wa mwaka 2024, wenye watu 12,821, ukaonyesha faida. Kwa hiyo hata wenye kisukari hawana jibu la mstari mmoja.

Tazama pia ukubwa halisi wa ile asilimia 25. Kwa mwaka, waliopata tukio walikuwa asilimia 1.65 katika kundi moja na 2.19 katika jingine. Kwa maneno mengine, ilibidi kuwatibu kwa ukali watu wapatao 61, kwa miaka mitatu na kidogo, ili mmoja aepushwe na tukio. Huyo mmoja ni mtu, ana watoto kama wewe, simdharau hata kidogo. Ila katika kundi hilo hilo la 120 waliozimia, walioshuka presha kupita kiasi na walioumia figo walikuwa wengi zaidi. Na kuna jambo ambalo hupotea njiani kutoka kwenye utafiti hadi kliniki: mule presha ilipimwa kwa mashine, mtu ametulia dakika tano, mara tatu, ikachukuliwa wastani. Namba ya namna hiyo mara nyingi huwa chini kuliko ya kliniki yenye foleni. Ukiichukua 120 ya chumba kimya ukaidai kwenye korido yenye kelele, umemwongezea mzee dawa ambazo hata utafiti usingempa.

Mimi nikiwa na baba yako mbele yangu, kuanguka kwake ndiko kungeamua mwezi huu. Nyonga ikivunjika katika miaka 79, hizo hesabu nyingine zote zinabadilika. Ningepunguza dawa kwanza, nimwone akisimama bila kushika ukuta, kisha ndipo nizungumze naye anataka nini. Yeye mwenyewe, sio ninyi watoto tu. Na daktari kijana msimwache. Mwambieni haya, mwambieni kuhusu kupima akiwa amesimama. Anayesoma tafiti kwa bidii hivyo atawasikiliza.

Daktari, mnatuchosha. Mama yangu alipofikia ukomo wa hedhi aliandikiwa homoni, akaambiwa zitamlinda moyo. Baada ya miaka michache akaambiwa aache haraka, zinaleta ugonjwa wa moyo na saratani. Sasa dada yangu mkubwa anaambiwa anaweza kuzitumia. Tuamini lipi? — Aliyechoka

Una haki ya kuchoka, na mama yako ana haki ya kuombwa radhi.

Kwa miaka mingi tafiti zilizofuatilia wanawake zilionyesha kwamba wanaotumia homoni hupata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko wasiotumia. Namba zenyewe hazikuwa za uongo. Swali lililorukwa ni: nani alikuwa anazitumia? Wengi walikuwa wanawake wenye uwezo na elimu zaidi, wenye mazoea ya kuhudhuria kliniki, wanaofanya mazoezi. Moyo wao ulikuwa na walinzi wengine kabla kidonge hakijafika.

Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani. Wanawake 16,608 walipigiwa kura, nusu wakapewa estrojeni na projestini, nusu vidonge visivyo na dawa. Kura haimjui tajiri wala msomi, inawagawa wote sawa. Baada ya wastani wa miaka 5.2 sehemu hiyo ikasimamishwa. Katika kila wanawake 10,000 wanaotumia kwa mwaka mmoja, matukio ya moyo yaliongezeka 7, viharusi 8, damu kuganda mapafuni 8, saratani ya matiti 8. Nyonga zilizovunjika zilipungua 5, saratani ya utumbo mpana ikapungua 6.

Nane katika elfu kumi. Mama yako alihakikishiwa kuliko ilivyostahili, halafu akatishwa kuliko ilivyostahili, na mara zote mbili hakuna aliyempa namba nzima. Isitoshe, wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi wameshapita ukomo wa hedhi zamani. Dada yako, kama yuko karibu na ukomo wenyewe na anateswa na joto la ghafla na jasho la usiku, ni mtu wa aina nyingine. Leo homoni hutolewa kwa ajili ya mateso hayo, si kwa ajili ya kulinda moyo. Aulizwe kwanza kama amewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda au kiharusi, kisha aamue na daktari wake.

Kosa la aina hii nimelifanya mimi. Mwanzoni mwa kazi nililinganisha wagonjwa wa presha wanaotumia dawa tatu na wanaotumia moja, nikakuta wenye tatu wanakufa zaidi. Nilikimbia na karatasi kwa mtakwimu wetu mkuu, nikiamini nimegundua sumu. Aliisoma, akaniuliza taratibu: "Dawa tatu anaandikiwa nani?" Nilikaa kimya. Wanaandikiwa waliozidiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia kila asubuhi. Nilikuwa nimewasahau pale nilipowasha kompyuta.

Kuna matokeo mengine ya mwaka 1980 ambayo kila mtafiti angeyabandika ukutani. Wanaume waliowahi kupata mshtuko wa moyo walipewa vidonge, na baadhi yao walipewa visivyo na dawa yoyote. Katika hao wa vidonge vitupu, waliovimeza kwa uaminifu walikufa asilimia 15 ndani ya miaka mitano. Waliovimeza kwa kurukaruka walikufa asilimia 28. Kidonge hakikuwa na kitu ndani! Tofauti ilikuwa kwa watu wenyewe, namna wanavyoishi, afya waliyoanza nayo, nani yuko nyumbani wa kuwakumbusha. Ukitaka kujua kwa nini tunasisitiza kura, sababu ni hiyo.

Nililazwa na homa ya mapafu. Mtu alinijia na karatasi, akaomba damu yangu kwa utafiti. Nilisaini kwa kuogopa kwamba nikikataa wataniacha bila matibabu. Nifanyeje sasa? — Niliyesaini

Pole sana, ndugu yangu. Hukupaswa kujisikia hivyo hata dakika moja.

Unaweza kujitoa leo, bila kutoa sababu, na matibabu yako hayaruhusiwi kubadilika. Una haki ya nakala ya karatasi uliyosaini. Humo lazima pawe na namna ya kuipata kamati ya maadili ya utafiti, ambayo ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Uliza damu yako itatumika kwa nini, itahifadhiwa muda gani, na nani ataiona.

Hofu yako ina historia. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Walidanganywa kwamba wanatibiwa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, uliopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari awe mwangalifu sana anapomwomba ridhaa mgonjwa anayemtegemea. Mimi simwombi ridhaa mgonjwa ninayemtibu. Anakwenda mwenzangu asiyemtibu, mimi nikiwa nimetoka chumbani kabisa, kwa sababu najua mtu mwenye oksijeni puani hawezi kumkatalia daktari wake.

Niko mwaka wa tatu wa udaktari na nataka kazi kama yako. Nianzie wapi? Nijifunze programu gani ya takwimu? — Mwanafunzi

Programu utajifunza, mwanangu, na kabla hujahitimu itakuwa imekuja nyingine. Nitakupa kazi ambayo unaweza kuianza wiki hii: jifunze kujaza cheti cha kifo.

Najua si kazi inayogombewa. Mara nyingi hujazwa usiku, na daktari mdogo kuliko wote, ndugu wakiwa wanasubiri mlangoni. Ndiyo maana kwenye kumbukumbu tunakuta "moyo kusimama" kwa mamia. Moyo wa kila aliyekufa umesimama. Maneno hayo hayanielezi chochote, na mtu huyo anapotea kwenye hesabu za kisukari, za figo, za presha, za kila ugonjwa ambao wakubwa wa afya wangeutengea fedha kama wangeuona.

Kwenye sehemu ya kwanza ya cheti kuna mistari inayoshuka. Mstari wa juu unaandika kilichomuua mwishoni. Unaofuata unaandika kilichosababisha hicho, na unaendelea kushuka hadi kwenye chanzo. Mstari wa mwisho uliojazwa ndio tunaouhesabu sisi. Kwa hiyo usiku ule, kabla ya kusaini, fungua faili lote, rudi hadi kadi za kliniki za miaka ya nyuma, waulize ndugu kwa upole alianza kuumwa lini. Kisha andika: damu kuvuja ubongoni. Chini yake: shinikizo la juu la damu, na miaka aliyoishi nalo.